Tope la Katuma linafanya kazi, vigogo wamelala!

Kuna wafanyakazi hapa Katavi ambao hawajawahi kugoma hata siku moja. Hawana chama cha wafanyakazi, hawadai nyongeza ya mshahara, hawaombi posho ya kikao. Hakuna waziri aliyewahi kuwapungia mkono kutoka ndani ya shangingi, wala mgombea aliyewaahidi lami. Wanaishi kwenye tope la mto Katuma, tope la Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na huko mwisho wa safari tope la Ziwa Rukwa. Ni bakteria.

Usicheke, ndugu msomaji. Najua pale kijiweni ukitamka neno bakteria mtu anafikiria kuhara. Ndivyo tulivyofundishwa: bakteria ni adui, nawa mikono, chemsha maji. Sawa, wa kuhara wapo. Lakini wapo wengine, tena ni wengi kupindukia, ambao bila wao huyo perege wa Rukwa unayemtafuna na ugali asingekuwepo, na mpunga wa bondeni usingekuwa na rutuba ya kujivunia. Hao ndio serikali ya Chama Tawala inawageuza kutoka walishaji kuwa wauaji, kwa kukaa kimya huku mto unazibwa.

Tukisema hivyo wakubwa watajibu kwamba wapinzani wameishiwa hoja, sasa wanatetea vijidudu. Ndiyo, tunatetea vijidudu. Sikilizeni sababu.

Tuanzie mbali, baharini, maana huko jambo lenyewe linaonekana waziwazi. Sisi Mpanda hatuna mikoko. Mikoko ni miti inayoota pale bahari inapokutana na nchi kavu, ndani ya tope la chumvi ambalo mti wa kawaida ungekauka kwa wiki moja. Msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo hapa Tanzania uko delta ya Rufiji. Mtu anayeuona kwa mara ya kwanza hujiuliza: miti hii inakula nini? Mbolea iko wapi?

Jibu liko chini ya miguu yake. Jani la mkoko likianguka, kaa hulikatakata na kulizika. Kuvu na bakteria huanza kulimeng'enya. Sasa tope lile lina jambo la ajabu: ukichimba milimita chache tu, hewa ya oksijeni imekwisha. Wewe na mimi tungekufa. Bakteria wa huko hawafi, wao hupumua kwa kutumia salfeti, kitu ambacho maji ya bahari yanacho tele. Ndiyo maana tope la mikoko linanuka mayai viza. Ile harufu ni pumzi ya wafanyakazi! Gesi hiyo hukamata madini ya chuma yaliyomo kwenye tope, na chuma kikikamatwa huiachia fosforasi iliyokuwa imeing'ang'ania. Mzizi unaipokea. Bakteria wengine huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Msitu unakula majani yake wenyewe upya, mwaka hadi mwaka, bila vocha ya pembejeo, bila wakala, bila orodha ya wakulima hewa.

Na chumvi je? Ukinyunyizia chumvi mboga mbichi, zinanywea. Chumvi inanyonya maji yaliyomo ndani. Bakteria wa kawaida naye hunywea hivyo hivyo, ndiyo sababu samaki wa chumvi haozi upesi. Lakini wapo wapenda chumvi. Hawa hujaza ndani ya mwili wao vitu vilivyoyeyuka, wengine hujaza potasiamu, mpaka uzito wa ndani unalingana na wa nje na maji hayatoki. Umewahi kuona samaki wa chumvi aliyekaa sana dukani akaanza kupiga rangi ya waridi? Ni wao, wamehamia. Hata wekundu wa Ziwa Natron huko kaskazini ni kazi ya jamii hiyo. Biolojia ya sekondari inatosha kuelewa haya, haihitaji shahada. Inahitaji tu mtu asiwe na tumbo lililoziba masikio.

Maana masikio yaliwahi kuzibwa. Mwaka 1997 Baraza la Mawaziri lilikubali kampuni iitwayo African Fishing Company ichimbe mabwawa ya kufugia kamba delta ya Rufiji, eneo la hekta elfu kadhaa. Baraza la mazingira la serikali hiyo hiyo, NEMC, lilikuwa limeshauri mradi ukataliwe. Mtaalamu wako mwenyewe anakwambia usile, unakula! Ajira ziliahidiwa, dola zikatajwa kwa mamilioni. Wanakijiji wa delta, ambao wengi hawakumaliza hata la saba, ndio waliokataa. Walijua kwamba kamba wanaovuliwa baharini wanakulia ndani ya mikoko, na mikoko inalishwa na lile tope. Walikwenda mahakamani wakisaidiwa na wanasheria watetezi wa mazingira, na waandishi wa mazingira wakapiga kelele magazetini. Mwisho wa yote mradi ukafa, mabwawa yale hayakuchimbwa.

Nakumbusha Rufiji kwa sababu moja. Kule watu waliliona tope kama mali. Hapa kwetu tope ni tope, likikauka tunasema ni kiangazi.

Eti Katavi ni bara, habari ya chumvi inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Kaskazini yetu kuna Uvinza, ambako watu wamechemsha chumvi ya chemchemi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kusini mwa Rukwa kuna Ivuna, nako chumvi ilitengenezwa karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Na Ziwa Rukwa lenyewe maji yake yana magadi. Rukwa halina mlango wa kutokea. Mito inaingia, hakuna unaotoka. Maji yanaondoka kwa njia moja tu, juani, na jua halibebi chumvi. Inabaki. Kinacholifanya ziwa lile liwe na perege na kambale, lisiwe chungu la magadi la wapenda chumvi peke yao, ni maji baridi ya mito yanayoingia kila mwaka. Mito hiyo ni kadhaa, ipo Songwe, ipo Momba, ipo Rungwa. Na upo wetu: Katuma, unaoshuka kutoka milima ya Mpanda, ukapita Sitalike, ukaingia Ziwa Katavi, ukamwaga Ziwa Chada, ukaendelea kama Kavuu mpaka Rukwa.

Kwa hiyo Katuma ni mshipa. Wakati wa masika unafurika kwenye mbuga za Katavi na Chada, nyasi zinalala chini ya maji, zinaoza, bakteria wanazigeuza chakula, mafuriko yanabeba chakula hicho kwenda chini. Ni kazi ile ile ya mikoko, bila mikoko. Jani la mkoko hapa ni nyasi. Na kaa wetu ni kiboko.

Kiboko mmoja hula majani hadi kilo 40 kwa usiku mmoja, nchi kavu, halafu asubuhi anarudi kunya majini. Huo ni usafirishaji wa mbolea kutoka porini kwenda mtoni, tena bila kulipia mafuta. Watafiti waliohesabu mto Mara upande wa Kenya walichapisha mwaka 2015 kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa kule wanaingiza mtoni tani 36 hivi za kinyesi kila siku. Tani 36! Hilo ni lori na trela lake, kila siku ya Mungu. Mto ukiwa unatiririka, bakteria wanameng'enya shehena hiyo kidogo kidogo, wadudu wanakula, samaki wanakula wadudu, mvuvi anakula samaki.

Sasa funga maji.

Hapa ndipo penye kisu, ndugu yangu. Bakteria ni wale wale, kinyesi ni kile kile, lakini maji yamesimama. Wanakula haraka kuliko hewa inavyoweza kuingia, oksijeni inakwisha, wanachukua zamu wale wapumuao salfeti na dimbwi linaanza kunuka mayai viza. Samaki wanajaa juu wakitwetwa midomo, halafu wanaelea matumbo juu. Watafiti walilifuatilia jambo hilo Ruaha Mkuu, hapa hapa Tanzania, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: mto ukikatika kwa sababu ya maji kuchukuliwa huko juu, madimbwi ya viboko yanageuka sumu na samaki wanapungua. Kwenye mto Mara waliona pia kwamba mvua ya ghafla ikisukuma maji yale mabovu kwenda chini, samaki wa huko chini nao wanakufa. Kwa hiyo mkosaji si kiboko wala kijidudu. Mfanyakazi uliyemfungia mlango wa kiwanda na moto unawaka ndani, akivunja dirisha utamshitaki?

Nenda Sitalike mwishoni mwa kiangazi ukajionee, huhitaji kiingilio cha hifadhi kuona viboko pale darajani. Wamerundikana kama abiria wa treni ya Mpanda, mgongo juu ya mgongo, kwenye uji wa kijani ambao zamani uliitwa mto. Watalii wanapiga picha wakidhani ni uzuri wa Afrika. Ule ni msongamano wa wakimbizi!

Nani kaukata mto? Wakubwa wana majibu mawili. La kwanza ni Mungu. Eti ukame, eti maziwa haya tangu enzi hupanda na kushuka. Ni kweli Rukwa linapanda na kushuka; mwaka 1929 lilisinyaa likabaki na urefu wa kilomita 48 hivi, na kufikia 1939 lilikuwa limerudi kilomita 128. Lakini hilo ni ziwa, na ni mvua. Mto unaokatika juu ya Sitalike wakati huko juu yake mashamba yanameremeta kijani mwezi wa nane, huo haukukatwa na Mungu. Mungu hajengi banio kwa viroba vya mchanga. Manase Elisa na wenzake walioandika mwaka 2010 juu ya shida ya maji katika hifadhi za Tanzania, wakiitazama zaidi Katuma na Rukwa, waliweka kidole pale pale: umwagiliaji usio na udhibiti na misitu kufyekwa. Wazee wa Kibende wana roho ya Katabi, yule mwindaji wanayemwekea sadaka chini ya mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na ndiye aliyeipa hifadhi jina. Hata Katabi akiulizwa leo atasema hausiki.

Jibu la pili ni wavamizi. Hili ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linatafuta mnyonge wa kumpiga. Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu au Kakese anaitwa mharibifu wa mazingira, anatishiwa, anahamishwa, kesho anarudi kwa sababu hana pa kwenda. Sisi tunauliza: nani alimwambia alime? Mwaka 2009 tuliimbiwa Kilimo Kwanza mpaka masikio yakauma. Kila kiongozi aliyesimama jukwaani alisema mwagilieni, acheni kutegemea mvua. Mkulima akatii. Akafungua mtaro. Hakuna aliyemwambia mto una kiasi gani na chake ni kipi. Kilimo Kwanza, maji baadaye?

Tazama hesabu. Sensa ya 2012 ilikuta Katavi watu 564,604. Ya 2022 ikakuta 1,152,958. Miaka kumi, watu mara mbili! Mvua haikuongezeka mara mbili. Mkoa ambao watu wake wanaongezeka kwa kasi hiyo unahitaji serikali inayogawa maji kwa kipimo, si serikali inayosubiri ugomvi ndipo itume polisi. Na mpunga huo huo utakufa nao, kwa sababu bonde lisilofurika haliletewi lishe mpya, ardhi inachoka, mkulima anaanza kukopa mbolea. Anayemtetea mkulima kwa kunyamazia mabanio anamtengenezea deni.

Kitu kinachoudhi ni kwamba sheria ipo, na ni nzuri. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya mwaka 2009 inataka kibali cha kuchukua maji mtoni, na inatambua akiba ya maji kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa uhai wa mto wenyewe. Sheria ya Mazingira Namba 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Yapo makabati, yapo mafaili, ipo mihuri. Lakini muulize kijana yeyote wa Kakese kama amewahi kuona karatasi imebandikwa inayosema banio hili ni la nani, kibali chake ni cha lini, na linaruhusiwa lita ngapi kwa sekunde mwezi wa tisa. Atakutazama kama umetoka mwezini.

Kwa nini hawajali? Mimi nina maoni yangu. Ruaha ulipokatika tangu miaka ya 1990, Dar es Salaam ilisikia, kwa sababu maji ya Ruaha yanakwenda Mtera na Kidatu, na huko ndiko umeme ulikotoka. Taa zikizimika Masaki, mazingira yanakuwa ajenda. Mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo alikwenda Iringa akazindua kikosi kazi cha kuokoa Ruaha. Vizuri, hatuna wivu. Lakini Katuma hauwashi balbu hata moja ya kigogo. Mji wa Mpanda wenyewe uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka nenda miaka rudi. Mto wa walalahoi una thamani gani? Unalisha samaki wa walalahoi, basi.

Tena tulikuwa na mtoto wa Katavi kwenye kiti cha Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Mkoa tukapewa mwaka 2012, ofisi zikajengwa, viongozi wakaongezeka. Mto haukuongezeka hata ndoo.

Na sisi wa upinzani tusijifanye malaika. Jimbo la Mpanda mjini lilikuwa mikononi mwetu toka 2005 mpaka 2015. Tuliongea barabara, reli, bei ya tumbaku, yote ya haki. Katuma tuliuachia watu wa hifadhi, kana kwamba maji yakivuka geti la Sitalike yanakuwa mali ya wazungu wenye kamera. Vijana wengi wa mageuzi mpaka leo wakisikia neno uhifadhi wanawaza mgambo na fimbo. Nawaelewa. Lakini ukimwachia mgambo mto, utakuja kununua samaki aliyesafirishwa kutoka Mwanza kwenye barafu, wakati babu yako alimvua hapa.

Hatudai mkulima afukuzwe. Hatudai kiboko apewe kitambulisho cha taifa. Tunadai karatasi. Bodi ya bonde ibandike kwenye kila ofisi ya kijiji kuanzia Katuma juu kabisa hadi Sitalike orodha ya vibali vya maji, jina la mwenye kibali, kiasi cha maji, na tarehe ya mwisho. Banio lisilo kwenye orodha lijulikane, liwe la mkulima wa ekari mbili au la mheshimiwa mwenye ekari mia mbili. Wakulima wakae pamoja wapange zamu za maji wenyewe, maana wao ndio wanaojua nani hufungua usiku. Na kiasi fulani kiachwe kishuke mchana na usiku, kiangazi chote, kwenda kuwapa pumzi wale wafanyakazi wa tope. Kipimo chake kiandikwe ukutani kwa rangi, kwa lugha inayosomeka.

Kabla ya mvua kuanza nitakwenda Sitalike na kwenye ofisi za vijiji vya juu yake, na nitauliza orodha hiyo kwa jina lake. Nikiipata, gazeti hili litaichapa yote, mstari kwa mstari. Nisipoipata, tutaacha nusu ukurasa mweupe, na juu yake tutaandika jina la ofisi iliyotakiwa kuujaza.